Mji wa Wathesalonike

Kila mtu aliyesoma Agano Jipya amekutana na nyaraka mbili ambazo Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike. Wengi huzisoma wakidhani kwamba mji wa watu hao ulikwisha kutoweka zamani, kama Babeli na Ninawi. Sivyo. Mji huo ungaliko, nao ni wa pili kwa ukubwa katika nchi ya Ugiriki, ambayo katika Biblia huitwa Uyunani. Tazama ramani ya Ulaya. Upande wa kusini-mashariki utaiona nchi pana iliyojitokeza baharini. Hiyo ndiyo rasi ya Balkani. Katika pwani yake, penye ghuba upande wa kaskazini wa bahari ya Aegean, ndipo ulipo mji huo. Wenyeji wake leo huuita Thessaloniki.

Mji ulijengwa yapata mwaka wa 315 kabla ya Kristo na Kasandro, mtawala wa Makedonia. Aliupa jina la mkewe, Thesalonike, ambaye alikuwa ndugu wa Aleksanda Mkuu kwa baba. Baadaye Warumi waliitwaa nchi, wakajenga njia kuu iliyoitwa Via Egnatia, itokayo bahari ya Adria kwenda mashariki. Hata leo barabara kubwa ya mji yaitwa Egnatia.

Paulo na Sila walifika hapo kutoka Filipi. Walihubiri katika sinagogi sabato tatu, ndipo ghasia zikatokea, na Yasoni, mwenyeji wao, akaburutwa mbele ya wakubwa wa mji. Usiku ule ndugu wakawapeleka Paulo na Sila Beroya. Luka, aliyeandika habari hizi, aliwataja wakubwa hao kwa neno la Kiyunani ambalo ni nadra mno katika vitabu vya kale, hata wengine wakashuku kwamba alikosea. Lakini katika karne ya 19 lango la kale la mji lilibomolewa, na jiwe lake moja lilikuwa limechorwa majina ya wakubwa wa mji, pamoja na cheo chao kwa neno lilo hilo. Jiwe hilo limehifadhiwa London, katika British Museum.

Majengo makuu yasimamayo leo yalijengwa baada ya siku za Paulo. La kwanza ni tao la Kaisari Galerius, lililojengwa yapata mwaka wa 300 baada ya Kristo ili kukumbuka alivyowashinda Waajemi. Katika nguzo zake wamechongwa askari, farasi na mateka. Karibu nalo pana jengo la mviringo liitwalo Rotunda. Upana wake ndani ni kama futi 80, na unene wa kuta zake ni kama futi 20. Warumi ndio walioijenga. Kisha Wakristo waliifanya kanisa, wakaipamba kuba yake kwa picha za watakatifu zilizopangwa kwa vijiwe vidogo vya rangi na dhahabu. Waturuki waliuteka mji mwaka wa 1430, na mwishoni mwa karne ya 16 wakaifanya msikiti, wakajenga mnara kando yake. Mwaka wa 1912 Wagiriki waliutwaa mji, jengo likawa kanisa tena. Lakini mnara wa msikiti haukuvunjwa, nao ungali umesimama.

Kanisa la Mtakatifu Demetrio limejengwa mahali ambapo, kwa mapokeo, Demetrio aliuawa kwa ajili ya imani yake. Mwezi wa Agosti 1917 moto mkubwa uliteketeza katikati ya mji, watu zaidi ya 70,000 wakakosa makao, na kanisa hili likaungua. Wajenzi walipoondoa vifusi waliona chini ya sakafu vyumba vya kale vilivyokuwa vimesahauliwa. Kanisa lilijengwa upya, likafunguliwa mwaka wa 1949.

Ufukweni upo Mnara Mweupe, wenye urefu wa futi 110 hivi, uliojengwa na Waturuki. Zamani ulikuwa gereza, na kwa sababu ya watu waliouawa humo uliitwa mnara wa damu. Mwisho wa karne ya 19 ulipakwa chokaa, nao ukapata jina jipya. Siku hizi ni nyumba ya makumbusho, ielezayo habari za mji.

Basi mgeni akiyatazama haya atasema, Mji huu haukupoteza kitu. Lakini sivyo. Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka wa 1492 walipokewa hapa kwa wingi. Walikaa zaidi ya miaka 400, wakawa wafanya biashara, wachapaji wa vitabu na wachukuzi wa bandarini. Zamani bandari ilifungwa siku ya Jumamosi, kwa kuwa ndiyo sabato yao. Katika Vita Kuu ya Pili Wajeremani waliuteka mji. Mwezi wa Desemba 1942 makaburi ya Wayahudi, yaliyokuwa mengi mno, yakaanza kuvunjwa, na mawe yake yakachukuliwa kujengea. Mwaka wa 1943 Wayahudi zaidi ya 45,000 walipakiwa katika magari ya moshi, wakapelekwa Auschwitz. Karibu wote waliuawa. Leo chuo kikuu cha mji kimesimama juu ya mahali pa makaburi yale, na tangu mwaka wa 2014 pana ukumbusho wao.

Jengo hudumu iwapo wajao nyuma hulitunza. Rotunda ilitunzwa na watu wa dini mbalimbali, kila mmoja akiona faida yake. Lakini makaburi hayakuwa na wa kuyatetea, maana wenyewe walikuwa wakitafutwa wauawe. Mtu asifuye mawe ya mji na asiulize habari za watu wake ameona nusu tu. Paulo hakuandika neno juu ya kuta wala malango ya Thesalonike. Aliwaandikia watu.