Kila Akaunti na Ghala Lake

Watu wengi wasomao barua pepe kila siku hudhani kwamba barua hizo zinakaa mbali, kwa mwenye posta, mahali pasipoonekana. Na kwa yule azisomaye kwa kivinjari tu, dhana hiyo haina madhara. Walakini mtu atumiaye programu maalumu ya barua, kama vile Thunderbird, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004, huwa na ghala ndani ya kompyuta yake mwenyewe, lenye madaftari na faharasa zake, na aghalabu hajui liko wapi mpaka siku litakapoharibika. Nataka kulieleza ghala hilo kwa sababu iko hasara isiyoletwa na mwizi wala kirusi: ile ipatikanayo pale akaunti mbili zinapopewa saraka moja zihifadhi humo, kila moja ikidhani ndiyo mwenye nyumba.

Katika Thunderbird, kwa desturi yake ya asili, kila folda uionayo kwenye skrini ni faili moja la maandishi matupu, ambamo barua zimefuatana kama kurasa za daftari lililoshonwa. Mtindo huo, uitwao mbox, ni mirathi ya mashine za Unix za miaka ya 1970, na alama ya kwamba barua moja imekwisha na nyingine inaanza ni mstari uliotangulizwa neno From na nafasi wazi baada yake. Kando ya faili hilo liko jingine lenye mkia wa .msf, nalo ndilo faharasa: humo imeandikwa barua fulani ni ya nani, imesomwa au haijasomwa, na katika daftari yaanzia mahali gani hasa. Programu haipekui daftari zima kila ubonyezapo. Huiuliza faharasa, kisha huenda moja kwa moja pale ilipoelekezwa. Hata unapofuta barua, barua ile haiondoki papo hapo, bali hutiwa alama tu, ikangoja siku ya kubana folda, ambapo programu huandika daftari jipya lisilo na zilizofutwa na kulitupa lile la zamani.

Sasa tuseme mwenye duka ana akaunti mbili, moja ya mauzo na moja ya malalamiko, naye kwa kutaka unadhifu akazielekeza zote katika saraka moja aliyoiita Barua. Kila akaunti ina folda iitwayo Inbox. Na kwa kuwa saraka moja haiwezi kuwa na mafaili mawili yenye jina lile lile, Inbox ya mauzo na Inbox ya malalamiko zimekuwa kitu kimoja. Akaunti ya kwanza hupokea barua na kuandika faharasa. Ya pili huongeza zake chini yake bila ya kumwarifu mwenziwe. Kisha mojawapo ikabana folda, na kila barua iliyosalia ikasogea kutoka mahali pake. Hapo ndipo mtu hubonyeza barua ya mteja akafunguliwa mkia wa barua ya benki. Ikiwa akaunti ya mauzo iliagizwa kufuta barua zilizopitisha siku 30, itazifuta na za malalamiko. Na mwenye duka akiamua siku moja kuiondoa akaunti moja, akakubali na data zake zifutwe, programu itafuta saraka nzima, kwani ndivyo ilivyoamriwa. Hili la mwisho ndilo linitialo hofu kuliko yote, maana hutendwa na mtu mwenye akili timamu, kwa hiari yake, akidhani anasafisha.

Watengenezaji wa Thunderbird waliitambua hatari hii, nao wameweka vizuizi vyema. Ufunguapo akaunti, programu yenyewe huitengea saraka iliyopewa jina la seva, na ikiwa jina hilo limekwisha kutumika, huliongezea tarakimu ili zisigongane. Ukijaribu kwa mkono wako kuchagua saraka ya akaunti nyingine, hukataa; na hukataa vilevile ukichagua iliyo ndani ya saraka ya akaunti nyingine, au ile inayoizunguka. Wako waonao makatazo haya kuwa ni usumbufu. Mimi nayaona kuwa ni adabu ya mtunza amana. Na atakaye kweli kuona barua zote pamoja amewekewa kikasha cha pamoja, ambamo akaunti kadhaa humkabidhi mtunzaji mmoja tu.

Iko pia migongano itokayo nje. Programu mbili zikitaka kufungua profaili moja, yaani saraka kuu ibebayo maghala yote, Thunderbird hujilinda kwa faili la kufuli, ambalo katika Windows huitwa parent.lock, na ile ya pili huambiwa kwamba programu tayari inafanya kazi. Lakini kufuli hilo halina nguvu kwa mtu aliyeiweka profaili yake katika saraka inayonakiliwa kwa intaneti baina ya kompyuta mbili, akazifungua zote. Kila upande utaandika, na mwishowe nakala moja itaifunika nyingine. Anayetaka barua zake katika mashine mbili na atumie IMAP, ambayo huziacha barua kwenye seva, kila kompyuta ikabaki na ghala lake.

Wako pia waliotafuta dawa katika mtindo wenyewe wa kuhifadhi. Katika miaka ya 1990 Daniel J. Bernstein, aliyeandika programu ya qmail, alibuni mtindo wa Maildir, ambamo kila barua ina faili lake, na jina la faili hutungwa kwa saa, namba ya mchakato na jina la kompyuta, hata waandishi wawili wasiweze kukutana katika jina moja. Barua huandikwa kwanza katika saraka ya tmp, na ikitimia ndipo huhamishiwa new, kisha cur ikishaonekana. Ni kazi ya hekima, maana haihitaji kufuli lolote. Illa haikukusudiwa kuwatenga wenye mali wawili waliochangia ghala moja.

Ama yule ambaye barua zake zimekwisha kuchanganyika, na aifunge programu kwanza na kunakili profaili nzima kwenye diski nyingine. Kisha aipe akaunti moja saraka mpya iliyo tupu, afunge tena, afute mafaili ya .msf tu katika ile ya zamani, na programu itajiandikia faharasa mpya kwa kulisoma daftari lenyewe. Ndipo aanze kuzihamisha barua kwa kutazama zilielekezwa anwani ipi. Wala asibane folda yoyote kabla ya nakala ile kukamilika, kwani barua aliyoililia jana huenda ingali imo humo, imetiwa alama tu.