Kosa na Mwenye Kukosa

Katika mambo yanayoitaabisha nafsi ya mwanadamu baada ya kukosa, yako mawili ambayo wengi wetu huyachanganya, nayo ni hatia na aibu, ilhali Helen Block Lewis, mwanasaikolojia wa Marekani, alikwisha kubainisha katika kitabu chake cha mwaka 1971 kwamba hatia hulikabili tendo na kusema, "Nimefanya ubaya," na aibu humgeukia mtendaji mwenyewe na kusema, "Mimi ndiye mbaya."

Natuchukue mtunza hazina wa chama cha kuzikana aliyezitumia kwa siri fedha za wenziwe kununulia mabati ya nyumba yake. Akishikwa na hatia, fikira zake hukaa juu ya fedha zile: hulifungua daftari, akapiga hesabu ya kilichopungua, akamwendea mwenyekiti kabla ya siku ya mkutano, akamwambia, "Mzee, nimekosa, naomba muhula nilipe." Lakini akitawaliwa na aibu, fikira zake hukaa juu ya nafsi yake na macho ya watu: hubadili njia ya kwendea msikitini asije akakutana na wanachama, hujisingizia maradhi siku ya mkutano, na hata akiulizwa kwa upole hupandwa na ghadhabu akamtupia lawama katibu, na muda wote huo sanduku la chama li tupu, na msiba haubishi hodi.

June Tangney, aliyelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, hata miongoni mwa wafungwa wa jela moja huko Virginia, aliona kwamba wenye mwelekeo wa kujiona na hatia kwa tendo walilotenda hawakuelekea sana kurudia uhalifu baada ya kufunguliwa, na kwamba aibu, pale inapomfanya mtu awalaumu wengine, humwelekeza huko huko kwenye uhalifu.

Wala maarifa haya hayapingani na mafundisho tuliyoyarithi, kwani masharti ya toba katika Uislamu ni kuiacha dhambi, kujuta, kuazimia kutoirudia, na ikiwa ni haki ya mja, kumrudishia mwenyewe. Na katika hayo hamna sharti la mtu kujidharau au kuikatia tamaa nafsi yake.

Sikusudii kuidunisha haya, ile staha imzuiayo mtu kabla hajakosa, kwani hiyo ni pambo la utu. Ninachokikataa ni desturi ya kumfedhehesha aliyekwisha kukosa tukidhani kwamba fedheha itamtengeneza. Basi mzazi amkutapo mwanawe ameiba asimwite mwizi mbele ya majirani, bali amketishe kando, amuulize amechukua nini, amemdhuru nani, na atakirudishaje. Kisha afuatane naye mpaka kwa mwenye mali, amsimamie hata alipe, na akiisha kulipa, asimsimange tena kwa kosa hilo.