Beberu wa Shoo Si wa Choma

Kijana wa Masaku, ukienda maonyesho ya ASK, usipite banda la mbuzi mbio ukifuata muziki. Simama kidogo. Galla mweupe, mbuzi wa kaskazini mwa Kenya anayestahimili ukame kama wetu, hapewi alama kwa kuoshwa tu. Jaji humfungua mdomo asome umri kwenye meno, humpapasa korodani, kisha hutaka kumwona akitembea. Beberu asiyezoea kamba atakuaibisha mbele ya watu, so anza kumfunza mapema.

Mbona ujisumbue? Mbuzi wa nyama unauza mara moja, stori imeisha. Beberu mshindi, wenye majike watamtafuta tena na tena, maana jike hubeba mimba miezi 5 tu. Piga hiyo hesabu kabla hujaagiza choma.