NAMBA MOJA, VITABU VIWILI

Wasomaji wa gazeti hili watakumbuka kisa cha kitabu cha ramani kilichopotea muhula uliopita, maana kilisemwa sana mabwenini, na wengine walikisema vibaya. Kosa lilikuwa langu mimi, wala si la kijana aliyeshutumiwa. Kwa hiyo nimemwomba Mhariri nafasi nieleze jinsi lilivyotokea.

Mwalimu wa maktaba alikitaka chama chetu cha kompyuta kimtengenezee programu ya kuandikisha vitabu vinavyoazimwa, na kazi hiyo nikapewa mimi. Niliiandika kwa lugha ya Java, nayo ikafanya kazi vizuri kwa wiki saba. Mwisho wa muhula kitabu cha ramani chenye alama Ba7 hakikuonekana rafuni. Tukaiuliza programu, ikatoa jina la kijana mmoja wa Kidato cha Tatu. Alipoitwa aliniambia, "Kaka, kitabu hicho sijakiona hata jalada lake. Mimi niliazima cha Biolojia." Hakuna aliyemsadiki, nami sikumsadiki. Barua ya kumtaka mama yake alipe fidia ilikwisha andikwa, na mama huyo ni mchuuzi wa samaki. Kilichomwokoa ni daftari la zamani, ambalo Mwalimu hakuacha kuliandika hata baada ya programu kuja, ingawa sisi wa chama tulikuwa tukimcheka kwa siri. Humo ilionekana wazi kwamba Ba7 ilichukuliwa na mtu mwingine, na kijana yule alichukua CB7.

Basi yawezekanaje mashine ichanganye Ba7 na CB7, alama ambazo hata mtoto wa darasa la kwanza hawezi kuzichanganya?

Kila lugha ya programu huja na ghala la kazi zilizokwisha tayarishwa na mafundi wake, na ghala hilo nalo huitwa maktaba. Katika maktaba ya Java imo kanuni moja inayogeuza neno lolote kuwa namba. Kanuni za namna hii huitwa heshi, neno lenye asili ya kukatakata, kama mpishi akatakatavyo nyama. Faida yake ni upesi. Fikirini barua 400 zimerundikwa mezani: atafutaye yake hana budi kuzipitia moja moja. Lakini zikigawanywa katika vijumba vyenye namba, kila mtu huenda moja kwa moja kwenye kijumba chake. Kompyuta hufanya vivyo hivyo. Hulitia neno katika heshi, hupata namba, na namba hiyo huionyesha kijumba. Jedwali la namna hii katika Java huanza na vijumba 16, na vikijaa kiasi cha robo tatu idadi yake huongezwa maradufu.

Hesabu yenyewe yaweza kufanywa kwa kalamu. Ndani ya kompyuta kila herufi ina namba yake: B ni 66, C ni 67, a ndogo ni 97, na tarakimu 7 ni 55. Chukua namba ya herufi ya kwanza, izidishe kwa 31, ujumlishe ya pili. Jibu lizidishe tena kwa 31, ujumlishe ya tatu. Na kuendelea hadi neno liishe. Kwa Ba twapata 66 mara 31, ni 2046, kujumlisha 97, ni 2143. Kwa CB twapata 67 mara 31, ni 2077, kujumlisha 66, ni 2143! Ukiongeza ile 7 mwishoni, zote mbili zatoa 66488. Vitabu vyetu vya zamani vilitiwa alama ya herufi kubwa na ndogo, na vipya herufi kubwa mbili, kwa hiyo mtego ulikuwa tayari rafuni ukiningoja.

Wengine wameniuliza kwa nini ikachaguliwa 31. Ni namba witiri, na tena ni 32 kasoro moja, na kuzidisha kwa 32 kwa kompyuta ni kusogeza tarakimu nafasi tano tu.

Msidhani kwamba waliotunga kanuni hii walikuwa wazembe. Jibu la heshi ya Java huwekwa katika nafasi ya biti 32, yaani majibu yawezayo kupatikana ni 4,294,967,296, lakini maneno hayana kikomo. Hapana budi mengine yagongane. Jedwali la Java lenyewe lalijua hilo. Likifika kwenye kijumba huuliza tena: je, neno lililomo ndilo lile lile nilitafutalo? Mimi sikuliuliza. Nilihifadhi namba ya heshi peke yake na jina la mwazimaji, nikitupa alama ya kitabu, kwa kuwa niliona namba ni nadhifu zaidi. CB7 ilipoandikishwa, jina la aliyechukua Ba7 likafutika.

Kugongana huku watu wengine hukutafuta makusudi. Mwaka 2003 Scott Crosby na Dan Wallach wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walionyesha kwamba adui aweza kuipelekea kompyuta maneno mengi yenye heshi moja, yote yakasongamana katika kijumba kimoja, na mashine ikakwama kwa kuyapitia. Desemba 2011 Alexander Klink na Julian Wälde wakalionyesha tena jambo hilo mkutanoni Berlin, na lugha kadhaa zilikuwa bado zimeacha mlango wazi. Tangu 2012 lugha ya Python ilianza kuchanganya heshi zake za maneno na namba ya siri ibadilikayo kila programu iwashwapo. Java haikubadili kanuni yake. Toleo la 2014 lilipanga upya kijumba kilichosongamana, kiwe kama matawi ya mti badala ya mnyororo. Ziko pia heshi za kulinda siri, kama SHA-256, ambazo hakuna ajuaye njia ya kuzigonganisha kwa makusudi, ila hizo huchukua muda zaidi, wala kazi ya kutafuta kijumba haizihitaji.

Barua ya fidia ilichanwa, nami nilimwomba radhi kijana yule mbele ya chama. Kitabu cha ramani kilipatikana chini ya godoro la mwazimaji wake wa kweli. Programu niliiandika upya jioni moja: sasa Ba7 na CB7 bado hukaa kijumba kimoja, lakini kila alama ina jina lake. Mwalimu angali anaandika daftari, nasi hatumcheki.