Mgeni Mwenye Rungu katika Tangi la Samaki

Mfugaji wa samaki wa baharini huenda akasikia usiku, ndani ya tangi lake la kioo, mlio kama wa kokoto zigonganazo, na asubuhi akakuta magamba ya konokono yamevunjika. Mhalifu aghalabu ni mnyama wa oda ya Stomatopoda, afananaye na kamba lakini mwenye mikono ya kukunja kama ya vunjajungu. Huingia tangini akiwa amejificha katika tundu la jiwe la matumbawe.

Msuli peke yake haungeweza kutoa pigo lake. Kwanza msuli hupinda sehemu ya gamba la mkono kama upinde, kisha kizuizi huachia ghafula. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2004 vilionyesha mwendo wa mita 23 hivi kwa sekunde, tena ndani ya maji! Mapovu yazukayo hapo huporomoka na kuwa pigo la pili. Kwa hiyo mkono mtupu usitiwe tunduni kamwe.

Jiwe lenye mlio liinuliwe juu ya ndoo ya maji ya bahari, na maji matamu kidogo yamiminwe tunduni. Mabadiliko ya chumvi humsumbua, naye hutoka. Jiwe zima lisichovywe, maana maji hayo huua viumbe wengine wengi walioko juu yake. Mgeni huyo apewe tangi lake mwenyewe, wala asitupwe katika bahari isiyo yake.