Fibromu ikitolewa, inaweza kurudi?

Katika vikundi vyetu ulizo hili linakuja kila mara: "Nilipasuliwa fibromu. Itarudi?" Tuseme ukweli. Ikiwa munganga alitoa fibromu na kuacha kizazi, nyingine zinaweza kuota, zaidi kwa mama aliyekuwa nazo nyingi ao ambaye angali kijana. Ikiwa kizazi chote kilitolewa, hazirudi, lakini mama hawezi kuzaa tena. Damu ya mwezi ikikoma kwa umri, fibromu kwa kawaida zinapungua.

Hakuna majani wala chupa ya dawa iliyohakikishwa kuzuia zisirudi. Wanaoziuza sokoni wanajua woga wetu. Feza hiyo afadhali tuiweke kwa ajili ya ekografi.

Mbele ya kutoka hospitali, tuulize na kuomba yaandikwe: Kizazi kimebaki? Zilitolewa fibromu ngapi? Kuna zilizoachwa? Kizazi kilikatwa mpaka ndani? Karatasi hiyo tuitunze kama karatasi ya kiwanja.

Kwa nini? Kovu la kizazi linaweza kupasuka wakati wa uchungu, na hapo mama na mtoto wanaweza kufa. Mama aliyepasuliwa fibromu asizalie nyumbani. Aonyeshe karatasi tangu CPN ya kwanza, ili munganga aamue kama atazaa kwa njia ya kawaida ao kwa kupasuliwa. Na mbele ya kubeba mimba, amuulize munganga angoje muda gani. Mara nyingi ni miezi 3 mpaka 6.

Damu ikipita siku 7, ikitoka na mabonge makubwa, ao ikijaza kitambaa kwa saa 1, tusingoje: twende hospitali. Damu nyingi inamaliza nguvu. Tule sambaza, maharagi na lengalenga, pamoja na ndimu ao chungwa; chai tuinywe mbali na chakula.

Tuwaambie pia mabwana na mabamukwe: fibromu si uchawi, si azabu, na si kansa. Ni uvimbe unaoota katika nyama ya kizazi. Mwenzetu akirudiwa nayo, hakukosa kitu. Tumsindikize hospitali, karatasi yake mkononi.