Adabu ya Tabibu Haisomwi Ubaoni

Uganga una elimu mbili. Ya kwanza ni kuujua mwili: mifupa, damu, dawa na vipimo vyake. Ya pili ni kumjua mwenye mwili huo: kumwekea siri, kumtaka ridhaa kabla ya kumgusa, na kumsitiri. Sisi watu wa pwani elimu hii ya pili twaiita stara na amana. Vyuoni huitwa maadili ya uganga.

Nilipozuru Kitale nilizungumza na vijana wanaosomea uganga na uuguzi, nikawauliza waionaje elimu hiyo ya pili. Wengi walicheka. Walisema ni somo la kukariri usiku mmoja, ukajibu mtihani, kisha ukalisahau. Lakini binti mmoja hakucheka. “Mzee,” akasema, “darasani twaambiwa mgonjwa ana heshima yake. Wadini twamwona mkubwa wetu akimfokea mama mwenye uchungu, na huyo huyo ndiye atakayenitilia sahihi daftari langu. Nifuate lipi?”

Swali hilo si la mzaha. Kutoka Kitale nilipanda matatu, nikapitia Webuye hadi Bungoma, mji ambao jina lake limeingia katika vitabu vya sheria kwa jambo hilihili. Mwezi wa Agosti 2013, miezi miwili baada ya serikali kutangaza kwamba kina mama watajifungua bure katika hospitali za umma, mama mmoja alifika kujifungua katika hospitali kuu ya hapo. Wadi ilikuwa imejaa na vitanda havikutosha. Akazaa sakafuni, ukumbini, na badala ya kusitiriwa akapigwa na kutukanwa na wauguzi. Picha zilizochukuliwa kwa simu zikaonyeshwa nchi nzima.

Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Bungoma. Tarehe 22 Machi 2018 Jaji Abida Ali-Aroni aliamua kwamba haki za mama yule, pamoja na heshima yake inayolindwa na Katiba ya 2010, zilivunjwa. Akapewa fidia ya shilingi milioni 2.5, na ikaamriwa aombwe radhi rasmi.

Uhaba wa vitanda ni deni la serikali. Lakini kofi halitokani na uhaba wa vitanda. Hutokana na mazoea, na mazoea hayo mwanafunzi huyakuta wadini, akayaona ndiyo kazi yenyewe.

Wala jambo hili si geni. Katika karne ya 9 Ishaq bin Ali al-Ruhawi aliandika kwa Kiarabu kitabu kizima juu ya mwenendo wa waganga, Adab al-Tabib. Hakuanza na maradhi. Alianza na imani na tabia ya tabibu mwenyewe.

Basi tusiwalaumu vijana wanaocheka. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Somo la maadili litahiniwe kando ya kitanda cha mgonjwa. Anayetia sahihi daftari apimwe yeye kwanza. Na mwanafunzi aliyeona ubaya apate pa kuusema bila kuhofia cheti chake. Hili latuhusu sisi pia tulio mbali na Bungoma, kwani binti zetu huolewa mbali, na uchungu haungoji mtu afike kwao.